Mkwawa, Mirambo na yule wa tatu asiyetajwa

Kazi yangu ni kufundisha vita vya karne ya 19 katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na hakuna muhula unaopita bila wanafunzi kunibana: mwalimu, jemadari wako nani? Wao jibu wanalo. Mkwawa kwanza, tena kwa mbali. Mirambo wa pili. Halafu mmoja wa nyuma humtaja Shaka au Napoleon, na aliyepitia jeshini humtaja Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani hapa kwetu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na ubishi unaanza.

Jibu langu huwaudhi, kwa sababu vipimo vyangu havina mvuto. Nauliza watu wake walikula nini, na siku aliyokufa kilibaki nini. Mikuki na risasi nazitazama baadaye.

Mkwawa ndiye anayependwa, na anastahili. Tarehe 17 Agosti 1891 safu ya Wajerumani ilikuwa ikipita Lugalo, mashariki ya Iringa ya leo, kwenye njia nyembamba yenye vichaka na majabali. Aliyeiongoza ni Emil von Zelewski, mkuu wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, ambaye watu walimbandika jina la Nyundo. Alikuwa na askari zaidi ya 300, wapagazi na mizinga. Njiani alikuwa amechoma nyumba bila kupata upinzani wa maana, kwa hiyo alitembea kama mtu anayekwenda gulioni: silaha kubwa zimefungwa juu ya punda, watu wamefuatana mmoja mmoja, kichwa cha safu hakioni mkia.

Wahehe, watu wa Mkwawa, walikuwa wamejilaza vichakani. Ishara yao ilikuwa mlio wa bunduki moja, upigwe safu nzima ikishaingia. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja wa Kijerumani aliona ndege akampiga risasi, nao wakadhani ndiyo ishara, wakachomoka. Mtego ulifyatuka mapema, na hiyo ndiyo pona ya kikosi cha nyuma. Wa mbele wengi hawakuwahi kupiga zaidi ya risasi moja au mbili. Zelewski alichomwa mkuki na kijana ambaye, kwa masimulizi, ndevu zilikuwa bado. Walikufa Wazungu 10 na askari wapatao 250, na Wahehe wakaondoka na bunduki zinazokaribia 300. Kambi kubwa ya jeshi jijini Dar es Salaam inaitwa Lugalo kwa sababu ya siku hiyo.

Masimulizi mengi huishia hapo, kisha huruka hadi 1898. Mimi hupenda kukaa kwenye miaka iliyorukwa.

Lugalo ilimgharimu Mkwawa wapiganaji wengi wazuri, na inasimuliwa kwamba alipiga marufuku kuwalilia, watu wasije wakajua hasara ni kubwa kiasi gani. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo linanisumbua. Mtu aliyewamaliza Wajerumani kwa vichaka na kasi aliamua kujifungia nyuma ya ukuta. Aliimarisha makao yake ya Kalenga kwa kuta za mawe, akaweka humo baruti, pembe za ndovu na bunduki alizoteka. Ukuta mrefu hutaka watu wa kuusimamia kila upande, na zaidi ya hapo humwambia adui mahali pa kuelekeza mzinga. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliivamia Kalenga baada ya kuipiga kwa mizinga, na ikaanguka. Mkwawa akatoroka.

Kwangu mimi ukubwa wake unaanzia hapo, siku alipokuwa hana ukuta wala ghala. Karibu miaka minne alihama msituni, huku wanakijiji wakimpa chakula na habari. Mwaka 1896 Tom von Prince, ambaye watu walimwita Sakarani, alijenga boma mahali ulipo mji wa Iringa. Mwezi Desemba mwaka huo Wajerumani wakamsimika Mpangile, ndugu yake Mkwawa, wakitumaini watu watamgeukia. Mwezi Februari 1897 wakamnyonga, wakimtuhumu kwamba kwa siri anamsaidia kaka yake. Hapo wakaingia kwenye chakula chenyewe: mashamba na maghala yalichomwa, na zawadi ya rupia 5,000 ikatangazwa kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Njaa ndiyo iliyomkondesha, si mizinga. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, alijipiga risasi ili asikamatwe. Sajenti Merkl aliyefika na kikosi chake alimkuta ameshakufa, na kichwa kikakatwa.

Sasa, umaarufu huu ulifikaje kwenye vitabu vya shule? Mashujaa waliojiua ni wengi na hatuwajui. Mkwawa alibebwa na fuvu lake. Ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles, mwaka 1919, iliitaka Ujerumani iikabidhi Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi sita, na ibara hiyohiyo inadai Kurani ya Khalifa Uthman irudishwe kwa Mfalme wa Hejaz. (Huwa nawasomea wanafunzi neno kwa neno, maana hawaamini.) Aliyelipendekeza ni Horace Byatt, mtawala Mwingereza, aliyeona ni njia nafuu ya kuwapendeza Wahehe. Miezi sita ikawa miaka 35. Gavana Edward Twining alikwenda Bremen kwenye jumba la makumbusho lenye mafuvu yapatayo 2,000, likachaguliwa moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa, na likakabidhiwa Kalenga mwezi Juni 1954 mbele ya mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Kama fuvu lile ni lake kweli, wataalamu wanabishana. Lakini shujaa aliyewekwa kwenye mkataba wa mataifa hasahauliki tena.

Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi wa Urambo, alibebwa na kitu kingine: Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari na msafiri. Mwaka 1871 Stanley alikuwa Tabora akimtafuta Livingstone, akajiunga na Waarabu wa Unyanyembe, utemi wa Tabora, kwenda kumpiga Mirambo aliyekuwa amewafungia njia ya Ujiji. Waarabu waliingia Wilyankuru bila taabu. Mirambo alitokea upande wa pili wa kijiji, akawalaza vijana wake kwenye nyasi kando ya njia ya kurudia, akangoja. Washindi walipotoka na pembe za ndovu begani na mateka wamefungwa kamba, nyasi zikaamka. Mtu mwenye mzigo begani hawezi kuwahi bunduki yake. Stanley, aliyekuwa mgonjwa wa homa, alikimbia pamoja na waliosalia, na wiki chache baadaye Mirambo akateketeza sehemu ya Tabora yenyewe. Walipokutana uso kwa uso mwaka 1876, wawili hao walichanjiana undugu, na Stanley akaandika kwa wasomaji wa Ulaya na Marekani akimfananisha na Napoleon. Sifa hiyo haijamtoka mpaka leo.

Ukiondoa sifa za Stanley, bado anabaki mtu mwenye akili kali ya vita. Rugaruga wake, yaani wapiganaji wake, walikuwa vijana, wengi wao mateka na watoro wasio na ukoo wa kuwavuta nyuma, na alimweleza Stanley waziwazi kwamba vitani hupendelea vijana kuliko wenye wake na watoto. Walitembea usiku na kupiga alfajiri, na magobori waliyonyang'anya Tabora walinyang'anyia mengine kwingine. Alielewa pia kwamba baruti yote hutoka pwani, kwa hiyo baada ya vita alipatana na Unyanyembe na kutafuta urafiki wa Balozi John Kirk wa Uingereza kule Zanzibar. Mwaka 1880 vijana wake waliwaua Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, kwenye mapigano ya Mpimbwe, na urafiki ukafa siku hiyohiyo. Jeshi la vijana wasio na ukoo lina kasi, lakini kulizuia ni kazi.

Alifariki tarehe 2 Desemba 1884. Mpandashalo akarithi, na himaya ikaanza kumeguka mikononi mwake, kwa kuwa kilichokuwa kinaishikilia ni Mirambo mwenyewe kwenda huku na huku. Kwa kipimo changu cha pili, amefeli.

Lettow-Vorbeck namtaja kwa ufupi, maana maofisa wanampenda kupita kiasi. Kweli, mwezi Novemba 1914 aliwarudisha baharini Tanga askari wapatao 8,000 waliotoka India, akiwa na watu wachache sana kuliko wao. (Sakarani wa Kalenga alifia hapohapo.) Kweli hakusalimu amri mpaka tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn (Mbala ya leo, Zambia), vita vya Ulaya vikiwa vimeshakwisha. Lakini nikiuliza kipimo cha kwanza, watu wake walikula nini, jibu liko Ugogo. Wajerumani walichukua nafaka na ng'ombe wakirudi nyuma mwaka 1916, Waingereza wakachukua kilichobaki, na wanaume wakasombwa kwenda kubeba mizigo. Mvua zilipokosa, ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa katika vita hivyo wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na homa. Hodari wa kukwepa alikuwa, sibishi. Bili waliilipa wengine.

Jemadari wangu mimi ni Nyungu ya Mawe. Kimya huja darasani nikisema hivyo.

Alikuwa mtu wa ukoo wa utemi wa Unyanyembe, mwenye jicho moja, aliyeondoka kwao baada ya ugomvi na Waarabu na watemi waliowekwa nao. Miaka ya 1870 aliingia Ukimbu na rugaruga wake, nchi ya msitu kusini ya Tabora, yenye watu wachache, tembo wengi na utitiri wa watemi wadogo. Aliwapiga mmoja mmoja. Rugaruga wake walikuwa wakatili kama wa Mirambo, pengine zaidi, na sitaki mtu adhani namtetea mpole. Tofauti ilikuja baada ya kushinda. Mirambo alikuwa akimwacha mtemi mahali pake, au akimweka jamaa wa mtemi huyo, ilmradi alete ushuru. Nyungu aliziunganisha temi ndogo kuwa majimbo machache, na juu ya kila jimbo akaweka mtwale wake, mtu anayemtegemea yeye na si ukoo wa mahali. Watemi wa zamani waliachiwa matambiko. Mtwale alikusanya pembe na kuzipeleka Kiwele, makao makuu, na Kiwele ndiko zilikobadilishwa kuwa nguo, bunduki na baruti. Kwa maneno mengine, rugaruga walikula kwa utaratibu uliojulikana, hata msimu ambao hapakuwa na vita.

Naye alikufa Desemba 1884, mwezi mmoja na Mirambo. Mtu akitaka jaribio la haki kati ya majemadari wawili, historia imempa. Kule Urambo mambo yakaanza kulegea. Kule Kiwele alishika binti yake Nyungu, Mgalula, na watwale wakaendelea kumletea pembe kama walivyomletea aliyemtangulia. Himaya ilidumu mpaka 1895, Wajerumani walipoivunja kwa kuwarudishia watemi wadogo mamlaka yao, bila ya kupigana vita.

Mwanafunzi mmoja wa Iringa alinijia baada ya kipindi, hakuridhika. “Mwalimu, huyo wako alipigana na Mzungu lini?” Hakupigana. Ndiyo sababu hana fuvu Bremen wala Stanley wa kumpamba, na wala hana kambi ya jeshi yenye jina la vita vyake, na ndiyo sababu mtihani wa taifa unaweza kupita miaka bila kumuuliza. Nilimwambia aniandikie kurasa tano juu ya watwale, na Mkwawa wake tutamrudia muhula ujao.