Chumvi ya Bagamoyo na Mstari wa Manjano: Kupiga Picha za Spektra ya Mwanga

Ukichukua chumvi kidogo kutoka katika mashamba ya chumvi ya Bagamoyo, ukaikoroga kwa maji, ukachovya ncha ya waya safi wa chuma na kuiweka kwenye ukingo wa mwali wa jiko la gesi, mwali ule wa buluu hugeuka kuwa manjano papo hapo. Wapishi wanalijua jambo hili, kwa kuwa hutokea kila sufuria ya wali uliotiwa chumvi inapofurika na kumwagikia moto. Kamera ya kawaida ikipiga picha mwali huo itaonyesha manjano tu, ambayo mtazamaji anaweza kuyafananisha na ya kibatari. Kamera iliyofungwa spektrografu, yaani kifaa kinachoutawanya mwanga kuwa picha ya rangi zake iitwayo spektra, hutoa picha mbili zisizofanana hata kidogo: kibatari huacha utepe mpana wa rangi zinazofuatana bila kukatika, kwa sababu kinachong'aa ndani yake ni chembe za masizi zilizopata moto mkali, ilhali chumvi huacha mstari mmoja mwembamba wa manjano, na mahali pake ni kwenye urefu wa wimbi wa nanometa 589. Mstari huo ni wa sodiamu.

Spektrografu ya kufunga kwenye kamera ni boksi lisilopitisha mwanga, lenye upenyo mwembamba upande mmoja. Upenyo huo unaweza kutengenezwa kwa nyembe mbili zilizobandikwa makali yakitazamana, zikiachiana nafasi ya kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ndani ya boksi kuna lenzi inayoifanya miale iliyoingia isafiri sambamba, na baada yake kuna gretingi, yaani kipande chembamba cha plastiki au kioo kilichochorwa mistari iliyosongamana sana, ambacho hutawanya mwanga kama ufanyavyo mche wa kioo ambao Isaac Newton aliutumia mwaka 1666. Gretingi yenye mistari 500 katika kila milimita huupeleka mwanga wa sodiamu pembeni kwa nyuzi 17 hivi, na kwa hiyo kamera haikai mkabala na upenyo bali huinamishwa kwa pembe hiyo. Wanaoanza hukosea hapa mara kwa mara: huelekeza kamera moja kwa moja kwenye upenyo, wakapata mstari mweupe, wakadhani kifaa kimeharibika. Asiyepata gretingi anaweza kutumia kipande cha diski ya DVD, ambayo njia zake zimeachana kwa maikrometa 0.74, ingawa njia hizo zimepinda na spektra hupinda pamoja nazo.

Jambo ambalo tungependa kila mwenye kamera alishike kabla ya mengine yote ni kwamba katika picha ya spektra ushahidi umo katika mahali pa mstari, haumo katika rangi yake. Kamera haipimi urefu wa wimbi. Kihisio chake kimefunikwa vichujio vya rangi tatu tu, nyekundu, kijani na buluu, na manjano unayoyaona ni hesabu iliyofanywa na kamera kutokana na nyekundu na kijani. Ndiyo maana katika picha nyingi za spektra manjano huonekana kama ukanda mwembamba uliobanwa, hata pale ambapo mwanga wenyewe haukupungua mahali hapo. Anayesoma rangi hizo kana kwamba ni vipimo atapotea.

Historia ya sayansi ina mfano unaolidhihirisha jambo hili vizuri. Mwaka 1868, mwaka ule ule ambao Mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao Bagamoyo, Jua lilipatwa kikamilifu tarehe 18 Agosti, na wanasayansi waliokuwa India, ng'ambo ya bahari hii yetu, walielekeza spektroskopu zao, vifaa vya kutazamia spektra kwa jicho, kwenye ndimi za gesi zilizo ukingoni mwa Jua. Mstari wa manjano ulionekana humo, na ilikuwa rahisi kuudhania kuwa ni wa sodiamu. Norman Lockyer, akiwa Uingereza, aliuchunguza mstari huo Oktoba ya mwaka huo na kuonyesha kuwa haukukaa mahali pa sodiamu. Leo tunajua kuwa uko kwenye nanometa 587.6, yaani tofauti isiyofika nanometa mbili. Manjano ni yale yale, lakini mahali ni pengine, na tofauti hiyo ndogo ikazaa jina la elementi mpya, heliamu, ambayo William Ramsay aliipata hapa duniani mwaka 1895.

Ili mahali pawe kipimo, picha inahitaji rula, na rula hiyo ni taa ya tyubu ya fluoresenti, si ile ya LED. Ndani ya tyubu mna mvuke wa zebaki, unaotoa mstari wa buluu kwenye nanometa 435.8 na wa kijani kwenye nanometa 546.1. Tuseme katika picha yako mstari wa buluu umekaa kwenye pikseli ya 1,200 na wa kijani kwenye pikseli ya 2,303. Nanometa 110.3 zimeenea katika pikseli 1,103, hivyo kila pikseli ni nanometa 0.1. Bila kugusa kitu chochote kati ya kamera na boksi, piga picha ya mwali wa chumvi. Mstari ukiangukia pikseli ya 2,732, umeupata kwenye nanometa 589.0. Kuna tahadhari moja: unga uliopakwa ndani ya tyubu nyingi za sasa una elementi ya tabiamu, inayotoa mwanga wa kijani karibu kabisa na ule wa zebaki, upande wa buluu. Upenyo ukiwa mpana, mistari hiyo miwili huungana na rula yako huwa na kosa tangu mwanzo, na hakuna programu ya kompyuta itakayolisahihisha baadaye.

Kuhusu mipangilio ya kamera, weka kila kitu kwa mkono. Fokasi ipangwe kwa kitu kilicho mbali sana, uwiano wa weupe usibadilike kati ya picha na picha, na faili lihifadhiwe likiwa ghafi (RAW). Muda wa kufungua shata uwe mfupi kiasi kwamba mstari mkali kuliko yote usifikie kikomo cha kihisio, kwa kuwa mstari uliofurika huvimba na katikati yake haijulikani tena. Ni afadhali picha yenye giza kidogo kuliko picha ya kupendeza isiyopimika. Kwa wakazi wa pwani, upepo wa bahari huacha utando wa chumvi na unyevu juu ya lenzi na gretingi. Hewa hiyo hiyo hubeba chumvi hadi kwenye moto, na mara nyingi utaukuta mstari wa sodiamu katika mwali ambao hukuutia chochote. Safisha waya na upige kwanza picha ya mwali mtupu, ili ujue ni kiasi gani cha manjano kilikuwapo kabla.

Baada ya hapo, Bagamoyo ina mengi ya kupigwa picha. Taa za LED ambazo wavuvi hutumia usiku huonyesha kilima cha buluu karibu na nanometa 450, kikifuatwa na mgongo mpana wa kijani na manjano, tofauti na utepe usiokatika wa kandili. Mwanga wa Jua nao upigwe picha ukiwa umeakisiwa na ukuta uliopakwa chokaa. Usielekeze kamera wala jicho kwenye Jua lenyewe, kwani linaweza kukupofusha. Katika utepe huo itaonekana mistari myeusi, ile ambayo Joseph Fraunhofer aliichora kuanzia mwaka 1814: wa haidrojeni kwenye nanometa 486.1, wa sodiamu kwenye 589, na mkanda mweusi katika wekundu wa mwisho, karibu na nanometa 687. Miwili ya kwanza inatoka katika angahewa la Jua. Huo wa 687 ni wa oksijeni ya hewa tunayoivuta sisi, na unaweza kulithibitisha hilo bila kuondoka nyumbani: piga picha ya ukuta ule ule Jua linapochomoza baharini, kisha saa sita mchana, kwa mipangilio ile ile isipokuwa muda wa shata. Mstari wa haidrojeni utabaki kama ulivyo, lakini mkanda wa oksijeni wa asubuhi utakuwa mzito zaidi, kwa sababu miale ya asubuhi imepita katika hewa nyingi zaidi kabla ya kuufikia ukuta.