Je, wajua kwa nini fedha za pensheni husita kuingia kwenye miradi ya tabianchi na usawa?

Sehemu kubwa ya fedha za kuwekeza duniani haimo mikononi mwa mabilionea. Imo kwenye mifuko ya pensheni na makampuni ya bima: michango ya walimu, wauguzi, madereva na makarani. Katika nchi wanachama wa OECD pekee, jumuiya ya nchi ambazo nyingi ni tajiri, akiba za pensheni zimepita dola za Marekani trilioni 50. Sasa linganisha na uwekezaji wenye matokeo, yaani ule unaotafuta faida huku ukikusudia kupunguza gesijoto au kuinua maisha ya wasio nacho, na kupima kama umefanikiwa. Mwaka 2024 GIIN, mtandao wa kimataifa wa wawekezaji wa aina hiyo, uliukadiria kuwa takriban dola trilioni 1.57 duniani kote. Kwa nini fedha nyingi kiasi kile zibaki nje?

Wengi hudhani ni roho ngumu. Sivyo. Wadhamini wa mfuko wa pensheni wanasimamia mali ya watu wengine, na sheria inawabana: wakipoteza akiba za wanachama kwa uzembe, nia njema haitawaokoa. Ndiyo maana kabla ya kuuliza mradi utaleta mabadiliko gani, wanauliza maswali makavu. Una daraja gani la ukopaji, yaani alama ya uwezo wa kulipa deni? Tukihitaji kuuza, nani atanunua? Mapato yanaingia kwa sarafu ipi? Na je, ni mkubwa wa kutosha? Swali hili la mwisho ndilo linaloua miradi mingi kimyakimya. Mfuko wenye dola bilioni 100 ukitaka kuweka asilimia 1 tu kwenye nishati safi, hiyo ni dola bilioni 1. Kuchunguza mradi wa dola milioni 5 kunahitaji wanasheria na wachambuzi karibu sawa na mradi wa milioni 500, kwa hiyo midogo huachwa hata ikiwa mizuri.

Mwishoni mwa 2007 mifuko kadhaa ya pensheni ya Uswidi ilitaka kusaidia miradi ya tabianchi bila kuhatarisha mafao. Benki ya SEB iliikutanisha na Benki ya Dunia, watafiti wa kituo cha CICERO cha Norwei wakakagua vigezo vya miradi inayofaa, na Novemba 2008 Benki ya Dunia ikatoa hati fungani yake ya kwanza ya kijani, yaani hati ya mkopo ambao fedha zake huenda kwenye miradi ya tabianchi, yenye thamani ya zaidi ya krona bilioni 2. Mnunuzi hakubeba hatari ya mradi wowote. Mdaiwa wake alikuwa Benki ya Dunia yenyewe, yenye daraja la juu kabisa la AAA; kilichobadilika ni mahali fedha zilikoelekezwa. Wadhamini hawakuombwa ujasiri wowote, waliletewa bidhaa waliyoizoea. Leo hati za kijani huuzwa kwa mamia ya mabilioni ya dola kila mwaka.

Njia hiyo ina ukomo wake, maana Benki ya Dunia haiwezi kukopa kwa niaba ya kila mradi. Lazima mtu abebe hatari ya miradi yenyewe, hasa katika nchi zinazoendelea, na hapo kazi ni kupanga nani aumie kwanza. Mwaka 2016 kampuni ya bima ya Allianz, ya Ujerumani, ilikubali kuweka dola milioni 500 katika mpango wa mikopo ya miundombinu wa IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi. Allianz haikuchagua mradi mmoja mmoja. Iliingia kwenye fungu la mikopo mingi ambayo IFC nayo imeweka fedha zake humo, na sehemu ya hasara za mwanzo ikakingwa na IFC ikisaidiwa na dhamana ya Sida, shirika la maendeleo la Uswidi. Suala la ukubwa, la hatari na la gharama za uchunguzi yakajibiwa kwa mpigo.

Hatari yenyewe nayo hukuzwa kupita kiasi. Benki za maendeleo zilikaa miaka mingi na takwimu za mikopo yao bila kuzitoa kwa kina. Machi 2024 zilipochapishwa kupitia GEMs, hifadhidata ya pamoja ya benki hizo, ilionekana kwamba mikopo kwa sekta binafsi iliyoshindwa kulipwa ilikuwa wastani wa takriban asilimia 3.6 kwa mwaka, na hata humo zaidi ya asilimia 70 ya fedha zilirudi. Naamini ukimya ule uliwagharimu watu wengi umeme na maji. Sarafu bado ni mwiba: anayeuza umeme kwa sarafu ya nchi huku akidaiwa dola anaweza kufilisika sarafu ikianguka. Mfuko wa TCX, ulioanzishwa 2007, hubeba hatari hiyo kwa ada, na ada huwa kubwa.

Usawa wa kijamii ni mgumu zaidi, kwa sababu umeme una mnunuzi, lakini mtoto aliyechanjwa haleti mapato. Hata hapa njia ilipatikana. Nchi kadhaa, zikiwemo Uingereza na Ufaransa, ziliahidi kisheria kutoa misaada ya chanjo kwa miaka mingi mbele. Mwaka 2006 chombo kiitwacho IFFIm kikauza hati fungani za dola bilioni 1 kwa kutegemea ahadi hizo, na shirika la Gavi likapata fedha za chanjo mapema. Wawekezaji walilipwa na serikali, si na wagonjwa.

Hapo ndipo pa kuwa macho. Dhamana ya umma ni kodi ya wananchi. Ikimwondolea hofu mwekezaji kwenye mtambo ambao ungejengwa hata bila dhamana, ni zawadi kwake. Masharti yaandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo: kaya ngapi zisizo na umeme zitaunganishwa, ardhi ilipatikanaje, wenyeji watapata nini, na nani kutoka nje atakagua kila mwaka. Wadhamini wa pensheni wamezoea kusoma masharti, na haya hayatawakimbiza ilimradi malipo ya wanachama wao yako salama.