Maswali mnayoniuliza sana mwaloni kuhusu risasi za nyavu

Hiyo risasi ni nini?
Ni metali nzito laini, ndo ile iliyomo kwenye betri za gari. Huku Kigoma mnaijua vizuri, mnapasua betri bovu, mnayeyusha, mnamimina mpate risasi za nyavu, vile vizito vya kuzamishia nyavu.

Mi nayeyushia nyuma ya nyumba, nikimaliza nakunywa maziwa. Si nakuwa salama?
Hapana. Maziwa hayatoi risasi mwilini. Ule moshi umeshaingia kwenye mapafu, ukapita kwenye damu, mwisho unakaa kwenye mifupa miaka na miaka, sasa maziwa yaliyo tumboni yataufuataje huko?

Mtoto anaipataje na hasogei kwenye moto?
Vumbi jamani. Baba anaingia ndani na kaptula ileile anambeba, vumbi limejaa uani, mtoto anatambaa na kila kitu mdomoni, na mwili wake unafyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Halafu kuna wanaoosha sufuria ya kuyeyushia wanapikia uji, nimeiona kwa macho yangu, chini ina utando wa kijivu bado.

Dalili zake?
Mwanzoni unaweza usione kitu, ndo ubaya wake. Baadaye tumbo linasokota, choo kigumu, damu inapungua. Mtu mzima presha na figo. Mtoto anabadilika tabia, hatulii, hasira za ghafla, masomo yanamshinda, na nyie mnamchapa eti mtundu! Ubongo ukishaharibika hivyo haurudi hata akitibiwa. Mjamzito risasi inatoka kwenye mifupa yake inamfuata mtoto tumboni.

Mtoto akianza degedege tumpe maziwa kwanza?
Msimpe chochote mdomoni! Sio maziwa, sio mganga, ni hospitali saa hiyohiyo. Na semeni kwamba nyumbani mnayeyusha betri, msiponiambia mimi mhudumu wa zahanati nitahangaika na malaria tu. Zamfara kule Nigeria mwaka 2010 mamia ya watoto walikufa kwa sumu ya risasi, ilitoka kwenye kusaga majumbani mawe ya dhahabu yenye risasi ndani, na wengi walianza na degedege hivihivi. Kipimo ni cha damu, zahanati nyingi hatuna, utapewa rufaa.

Kwa hiyo mtoto asinywe maziwa?
Anywe, ni chakula, na mtoto anayekula vizuri anafyonza risasi kidogo kuliko mwenye njaa. Ila hayasafishi. Acha kuyeyushia nyumbani, nguo za kazi zifuliwe peke yake, ndani piga deki kwa maji usifagie kavu, na hiyo sufuria isirudi jikoni hata kama ni mpya.