Mafuriko ya miaka 100 hayafuati kalenda

Kalvati likishazolewa na mvua za masika, hakosi mtu wa kusema kwamba mafuriko ya miaka 100 yamepita, kwa hiyo yaliyobaki ni ya vitukuu. Sivyo. Jina hilo, ambalo kwa kweli limepotosha wengi, lina maana kwamba kila mwaka upo uwezekano wa asilimia 1 wa maji kufikia au kuvuka kiwango hicho, na mto hauna kumbukumbu ya mwaka jana. Kwa daraja litakalotumika miaka 50, uwezekano wa kusalimika mwaka mmoja, yaani 0.99, huzidishwa kwa wenyewe mara 50, na jibu ni takriban 0.605, maana yake ni kwamba uwezekano wa kukutana na mafuriko hayo angalau mara moja unakaribia asilimia 40. Tena hiyo asilimia 1 yenyewe ni makadirio: penye vipimo vya mto vya miaka 30 tu, mhandisi amevuta mstari kupita mahali takwimu zake zilipokomea.

Zege nalo lina dhana yake potofu, kwamba zege la MPa 30 (megapaskali, kipimo cha nguvu yake) ni lile ambalo michemraba yake ya majaribio ikivunjwa siku ya 28 hutoa wastani wa 30. Kwa kanuni za Ulaya, 30 ni kiwango ambacho asilimia 5 tu ya matokeo hutarajiwa kuwa chini yake. Iwapo mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika kuzunguka wastani, ni MPa 5, mchanganyiko hulengwa kwenye wastani wa 38 hivi. Anayelenga 30 atakuta karibu nusu ya michemraba yake imeangukia chini ya 30.

Dhana ngumu kuliko zote kuing'oa ni kwamba kompyuta ikishapiga hesabu, mjadala umekwisha. Tarehe 23 Agosti 1991, kitako cha zege cha jukwaa la gesi la Sleipner A kilizama Norway, kikiwa kinashushwa majini kwa majaribio. Programu haikuwa na kasoro. Katika mfano wa kompyuta, wasanifu waliugawa ukuta katika vipande visivyofaa kwa hesabu, na mkazo wa kukata, yaani ule unaotaka kuukata ukuta, ukakadiriwa pungufu kwa asilimia 47, huku nondo za kuushikilia zikiwa fupi mno. Hesabu iliyorudiwa kwa makini ilionyesha kwamba ukuta ungevunjika kwenye kina cha mita 62. Ulivunjika kwenye mita 65.