Sahihi elfu 21 za Hawaii zilizosema hapana

Kila tukifanya kipindi cha elimu kwa umma kuhusu ukoloni lazima atokee mtu aseme Marekani haijawahi kuwa na makoloni, wakoloni walikua watu wa Ulaya tu. Mimi kazi yangu ni nyaraka za kale na huwa nawaambia tuangalie mwaka mmoja, 1898. Mwaka huo Marekani ilimpiga Mhispania ikachukua Puerto Rico, Guam na Ufilipino, na vita ikiwa bado inaendelea ikaimeza na Hawaii, nchi ya visiwa katikati ya bahari ya Pasifiki ambayo haikua na ugomvi na mtu.

Hawaii wengi tunaijua kwa sababu Obama kazaliwa Honolulu. Lakini zamani hizo ilikua nchi kamili, ina mfalme, ina bunge, Uingereza na Ufaransa walishaitambua tangu 1843, na ikulu yao ya Iolani iliwashwa taa za umeme kabla ya White House.

Shida ilianzia kwenye sukari. Mkataba wa 1875 uliruhusu sukari yao iingie Marekani bila ushuru, mashamba ya miwa yakatanuka na wenye mashamba, wengine watoto wa wamishenari wa Kimarekani, wakapata nguvu mpaka 1887 wakamlazimisha Mfalme Kalākaua asaini katiba mpya chini ya mtutu, ndo maana inaitwa katiba ya singe (kisu cha mbele ya bunduki), ikaweka masharti ya mali na kipato kwa wapiga kura na wenyeji wengi wakakosa sauti kwenye nchi yao wenyewe.

Dada yake mfalme aliyemrithi, Malkia Liliuokalani, alipotaka kuleta katiba nyingine Januari 1893, kikundi cha watu 13 kikapanga kumtoa. Balozi wa Marekani, John Stevens, akakubali wanajeshi zaidi ya 160 washuke kutoka manowari USS Boston tarehe 16, na kesho yake malkia akaachia madaraka. Ila barua yake isome vizuri: ameandika anaachia kwa sababu ya nguvu kubwa ya Marekani, mpaka serikali ya Marekani yenyewe ichunguze na kumrudisha. Hakuwapa nchi wale waliompindua. Rais Cleveland alichunguza kweli, akakiri ni dhuluma, lakini malkia hakurudishwa, na 1895 akafungwa chumbani ndani ya ikulu yake.

Sasa hapa ndo naomba tutulie. 1897 serikali ya Rais McKinley ikasaini mkataba wa kuichukua Hawaii, ukahitaji theluthi mbili za kura za Seneti. Wenyeji wakaunda jumuiya zao za wanaume na za wanawake, wakazunguka kisiwa kwa kisiwa kukusanya sahihi za kupinga, wakapata zaidi ya 21,000 wakati wenyeji wote pamoja na machotara walikua kama elfu 40 hivi, watoto wakiwemo! Wajumbe wanne wakasafiri na makaratasi hayo mpaka Washington, wakaongea na maseneta mmoja mmoja, na mkataba ukakwama kwa kukosa kura.

Ingeishia hapo, lakini vita na Hispania ikaanza Aprili 1898 na jeshi la majini likawa linataka kituo cha meli za kwenda Ufilipino, basi waliotaka Hawaii wakaacha njia ya mkataba wakaja na azimio la pamoja la bunge ambalo linapita kwa wingi wa kawaida tu. McKinley akasaini tarehe 7 Julai, na Agosti 12 bendera ya Hawaii ikateremshwa pale Iolani. Kumbe kilichoshindikana kwa mlango wa mbele kiliingizwa kwa dirishani.

Sahihi zile zilikaa Washington karibu miaka 100, wajukuu shuleni wakifundishwa kwamba babu zao hawakupinga, mpaka mtafiti wa Kihawaii Noenoe Silva alipozikuta kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Marekani 1996. Nakala zikarudishwa visiwani, na watu wakaanza kupitisha kidole ukurasa kwa ukurasa wakitafuta jina la bibi.