Msitu ukiisha ndege bado wapo, jamani

Nani aliwafundisha kwamba Kilimanjaro ukishapita Mandara, kile kituo cha kulala cha kwanza, msitu ukiisha na ndege wameisha? Msimu huu nimeisikia tena, safari hii kwa guide mwenzangu mwenye leseni kabisa, anamwambia mgeni arudishe darubini kwenye begi maana huko mbele ni kunguru tu. Nilinyamaza kwa sababu ya mgeni, sasa naongea.

Kunguru wapo, sikatai. Yule mwenye baka jeupe kisogoni, mdomo mnene, anayewavizia wagumu, yaani wapagazi, na chapati zao, hata kambi ya Barafu kule mita 4,600 na ushee yupo. Huyo hahitaji guide. Ila pale pale Horombo, kituo kinachofuata baada ya Mandara, mita 3,720, kuna kandege ka kahawia kanasimama wima juu ya jiwe, kanatikisa mkia, kakiruka unaona weupe pembeni mwa mkia, tena kanakuja mpaka karibu na buti zako na wote mnakapita. Chiriku wa michirizi naye yupo hapo hapo jikoni anaokota punje.

Sasa chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua. Kila mtu amesoma kwamba chozi wa huku juu ana mashada mekundu ya manyoya kifuani, basi anatafuta wekundu, asipouona anasema "malachite", yaani chozi wa aina nyingine anayefanana naye, na kutembea. Wewe, yale mashada anayafunika na bawa! Anayatoa akiwa anajionyesha au anagombana na dume mwenzake aliyeingilia lobelia zake, ile mimea mikubwa ya huku juu, akitulia unaona kijani tu na mkia mrefu. Na malachite naye ana mashada, ya kwake ni ya njano, nayo anayaficha vile vile, kwa hiyo kutoona nyekundu hakukwambii kitu. Jike wa huku juu pia ana mashada mekundu, wa malachite hana kabisa, hilo ndilo linalosaidia, sio rangi ya mgongo.

Dume akivua manyoya ya kuzalia anageuka kahawia yenye viraka vya kijani, na kwenye ukungu mimi mwenyewe naandika "chozi" basi, wanaotaja jina kwa mita hamsini nawaonea wivu.

Cha kufanya, simama kwenye lobelia zilizochanua, jua likishapiga na barafu ya kwenye majani yake ikianza kuyeyuka. Simama kweli lakini, maana wageni tunawaimbia pole pole kutwa nzima halafu kwenye lobelia tunawakimbiza wawahi supu.