Barlow haitibu koma

Wenye darubini za kioo hutuuliza mara kwa mara: "Nikiweka lenzi ya Barlow ya mara mbili, f/5 yangu si inakuwa f/10? Basi koma si itaisha?" Hesabu ni sahihi: f/5 maana yake urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi picha inapokusanyika) ni mara tano ya kipenyo cha kioo, na Barlow, lenzi inayowekwa mbele ya lenzi ya jicho ili kukuza picha, huurefusha mara mbili. Koma, hata hivyo, inabaki palepale.

Koma ni ule mkia unaoota kwenye nyota za pembeni huku za katikati zikiwa vitone safi. Inazaliwa kwenye kioo kikuu cha umbo la parabola, na kadiri urefu wa fokasi unavyokuwa mfupi ukilinganisha na kipenyo, ndivyo inavyozidi. Kwenye f/8, eneo safi la katikati lina upana wa milimita 11 hivi. Kwenye f/5 halifiki milimita 3. Barlow, iliyopewa jina la mwanahisabati Mwingereza Peter Barlow, hupokea picha ambayo tayari ina kasoro, kisha huikuza pamoja na kasoro yake. Inayopata nafuu ni lenzi ya jicho, hasa ya bei rahisi, kwa sababu miale inaifikia bila kutawanyika sana. Pembeni panatulia kidogo, na mtu anadhani koma imepona.

Ukitaka kutumia Barlow pamoja na kirekebisha koma (kifaa cha lenzi cha kuondoa kasoro hiyo), kirekebishi kitangulie upande wa kioo, ifuate Barlow, kisha lenzi ya jicho. Kimeundwa kwa mwanga wa kioo wenyewe. Ukikipa mwanga uliokwisha kupita kwenye Barlow, kitarekebisha kasoro kwa kipimo kisicho chake. Umbali nao una masharti: virekebishi vingi vya kamera hutaka milimita 55 hadi kwenye kihisi, na Barlow ikiingia hapo hesabu hiyo inavurugika.

Je, unavihitaji pamoja? Kwa maoni yangu, mara chache. Kwa darubini ya fokasi ya milimita 1000, lenzi ya jicho ya milimita 10 na Barlow hukupa ukuzaji wa mara 200, na Zohali unaiweka katikati, mahali pasipo na koma. Kilimia inahitaji uwanja mpana: hapo weka kirekebishi, Barlow ibaki mfukoni. Ila kwenye f/4 isiyo na mota ya kufuata anga, sayari huteleza hadi pembeni kila baada ya sekunde kadhaa, na hapo ndipo nimeona viwili hivyo vikifaana.

Ukiona mkia hata kwenye nyota ya katikati, usinunue kitu kwanza. Huenda vioo vya darubini havijaelekeana sawasawa. Chukua bisibisi urekebishe skrubu zake.